Sava Yenye Mastelingi Kumi

Sheria ya kwanza ya muvi ya ekshoni tunaijua tangu utotoni: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kurushwa kutoka orofa ya tano, anaweza hata kufungwa kwenye kiti na kumwagiwa petroli, lakini muulize mtoto yeyote aliyewahi kulipa shilingi kumi akae kwenye benchi la kibanda cha video na atakuambia tulia, huyo ni stelingi. Wengine wote mle ndani, wale wa suti nyeusi na miwani, wameajiriwa waanguke. Wanaanguka kutoka kwenye roshani, wanaanguka juu ya meza za vioo, wengine wanaanguka hata kabla hawajapigwa vizuri.

Sasa chukua muvi hiyo uigeuze gemu ya watu wengi. Watu kumi wameingia kwenye sava moja, kila mmoja ana bastola mbili mkononi, kila mmoja anataka kuruka kando huku akifyatua, koti likipepea. Nani ataanguka? Hakuna aliyeajiriwa. Hili ndilo tatizo ambalo Double Action: Boogaloo, modi ya bure iliyotoka kwenye Steam mwaka 2014, inajaribu kulitatua. Nimeicheza vya kutosha hapa Otonglo kuwa na maoni: imetatua ile nusu ngumu kabisa, halafu ikasahau nusu rahisi.

Modi, kwa wale ambao gemu kwao ni FIFA na baadaye chipsi, ni gemu iliyojengwa juu ya injini ya gemu nyingine. Unachukua mitambo ya wenyewe, yaani namna mwili unavyotembea, risasi inavyokwenda, mwanga unavyoangukia ukuta, halafu unaandika sheria zako juu yake. Mara nyingi wanaofanya kazi hiyo hawalipwi. Ni wanafunzi, ni watu wenye kazi nyingine za mchana, ni watu kama mimi ambao chuo hakikufika mwisho. Double Action imejengwa juu ya Source, injini ya Valve, na haiuzwi. Otonglo, senta yetu iliyo barabara ya kwenda Busia ukishapita eapoti ya Kisumu, ina jina la sarafu ya zamani ya senti kumi. Modi hii haigharimu hata otonglo moja, ukitoa bando za kuishusha.

Ukoo wake ni mrefu. Quake II ilitoka Desemba 1997, na mwaka uliofuata kikundi cha mashabiki kikatoa Action Quake 2, iliyoweka kando vita vya angani ikaleta bastola za kawaida, paa za mijini, na ndoto ya kuingia ndani ya filamu za John Woo. Kama umeona The Killer ya 1989 ama Hard Boiled ya 1992, ndoto hiyo unaijua: Chow Yun-fat, bastola mbili, uso mtulivu kabisa, na katika The Killer njiwa wanaruka kanisani huku watu wakimalizana. Mmoja wa waliochangia Action Quake 2 alikuwa Minh Le, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Simon Fraser huko Kanada. Baadaye yeye na Jess Cliffe wakatengeneza Counter-Strike, modi ya Half-Life, mwaka 1999. Valve wakaichukua, na mwaka 2000 ikawa bidhaa ya dukani. Counter-Strike hamhitaji nieleze. Nenda saiba yoyote ambayo kompyuta zake zina umri wa kuingia sekondari, utaikuta.

Hapo ndipo ukoo uligawanyika. Counter-Strike ilirithi nidhamu: simama, shusha pumzi, lenga kichwa, usirukeruke. Ndugu zake maskini, Action Half-Life na halafu The Specialists ya 2002, walirithi mbwembwe. Katika The Specialists ungeweza kuruka chali ukifyatua pande mbili, na kung-fu ya mikono mitupu ilikuwa silaha halali kama bunduki. Nidhamu ikaenda kujaza viwanja vya michezo na kugawa mamilioni ya dola. Mbwembwe zikabaki kwenye sava za watu ishirini wanaofahamiana. Double Action ni mjukuu wa upande huu wa pili.

Shida kubwa ya upande huu ilikuwa muda. Slomo, ule mwendo wa pole ambao The Matrix ya 1999 iliufanya uwe kila mahali, kwenye muvi ni mali ya mtu mmoja. Stelingi anaona risasi ikija, anapinda mgongo, sisi tunapiga kelele. Kwenye gemu ya mtu mmoja pia ni rahisi. Max Payne ya 2001 inasimamisha dunia nzima kwa ajili yako, na dunia hiyo haina mwenyewe mwingine wa kulalamika. Lakini kwenye sava muda ni wa umma. Ukiupunguza mwendo wako, mimi niliye orofa ya chini natafuta risasi kabatini nimekukosea nini? The Specialists ilijibu kwa kukata muda vipande: ukiwasha slomo, inawashika wale walio karibu na wewe tu, wengine wanaendelea na mwendo wao. Max Payne 3, yenye pesa za Rockstar nyuma yake, ilikuja 2012 na jibu linalofanana kwenye upande wake wa wachezaji wengi: muda unawapungukia walio kwenye mstari wa macho yako. Watu wasiolipwa walikuwa wamelifikia wazo hilo miaka kumi kabla. Sisemi waliibiwa. Nasema tu tarehe.

(Hapa kwetu slomo tunayo bure, inaitwa laagi. Sava nyingi ziko Ulaya na Marekani, na kutoka Kisumu kila amri yako inachelewa zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Nimewahi kuruka dirishani kwa madaha makubwa nikiwa tayari nimekufa upande wa pili wa dunia.)

Double Action inaongeza kitu ambacho wazee wake hawakukipa uzito: mwili wako unauona. Kamera imekaa nyuma ya bega, kama Max Payne, na hilo linabadilisha kila kitu. Kwenye gemu za kamera ya macho wewe ni mikono miwili na bunduki. Ukiruka, kinachopinduka ni picha tu. Hapa naona mgongo wangu ukinyooka hewani, miguu ikifuata, mikono miwili ikinyoshwa mbele, na nikianguka naanguka kifudifudi kama gunia. Huo muda wa kuinuka ndio unaoniuza. Ukiruka, kwa sekunde moja wewe ni picha ya ukutani. Ukitua, kwa sekunde inayofuata wewe ni samaki mchangani na yeyote anayepita atakuokota. Kila kuruka kuna deni. Mchezaji mzuri haruki kwa sababu ni maridadi. Anaruka akiwa ameshapima kwamba nyuma ya kochi lile kuna nafasi ya kulipia deni lake. Nimecheza gemu nyingi za bunduki na sijakutana na nyingine inayofanya ustadi na upumbavu kuwa tendo moja, ukitofautisha kwa nusu mita tu.

Hiyo ndiyo nusu ngumu, na wameiweza.

Nusu rahisi ni hii: mbwembwe ni za nani? Double Action ina alama za staili. Ukimuua mtu ukiwa umesimama wima unapata alama kidogo. Ukimuua ukiwa hewani, ama ukiteleza sakafuni, mashine inakupa zaidi, mstari unajaa, na ukijaa unapewa uwezo wako wa ziada. Kwa hesabu ni mpango mzuri. Unakuzawadia kwa kuhatarisha mwili wako, na bila hiyo kila mtu angerudi kona yake kulenga kichwa kama Counter-Strike. Lakini cheza kwa wiki mbili. Utaanza kuona watu wakiruka kwa namna moja, pembe moja, mlango uleule, kwa sababu wamejua mashine inalipa nini. Mbwembwe zikawa mshahara.

Wajaluo tuna neno, nyadhi. Ni madaha, ni ile namna ya mtu kuvaa kofia, kuketi, kumwita muhudumu, kutoa noti mfukoni. Na tuna mahali rasmi pa kuonyesha nyadhi, panapoitwa pakruok. Kwenye ohangla ama mbele ya mpiga nyatiti, mtu anatoa pesa, muziki unasimamishwa, na anajisifu: kwao, wakwe zake, marafiki zake, ng'ombe ambao pengine hana. Watu wanamjibu. Wakicheka kwa furaha, amepita. Wakinyamaza, pesa yake imekwenda na jina lake limekwenda nayo. Hakuna jedwali la alama. Mtu anaweza kurudia maneno yaleyale yaliyomletea shangwe Jumamosi iliyopita na leo yakaanguka, kwa sababu wale walikuwapo Jumamosi iliyopita.

Mashine ya Double Action haikuwapo Jumamosi iliyopita. Inalipa kuruka kwa mia kama ilivyolipa kwa kwanza. Na walioweza kuhukumu, yaani wachezaji wenyewe, wako bize kufa na kuzaliwa upya. Kwenye Action Quake 2, mkicheza kwa timu, ukidedi ulibaki nje hadi raundi iishe, na ulipokuwa nje ulikuwa mtazamaji. Watu wanane waliokufa wanamwangalia mmoja aliyebaki dhidi ya watatu. Huyo mmoja, kwa dakika hiyo, ni stelingi wa kweli, na wale wanane ndio benchi la kibanda cha video. Tatizo la nani aanguke lilikuwa limejibiwa pale: tutaanguka kwa zamu, na anayeanguka anapata kiti. Double Action ikaona kungoja kunachosha, ikakurudisha uwanjani upesi. Naelewa kwa nini. Bado naona walitupa kitu ambacho hawakukihesabu kwa sababu hakikuwa kwenye kodi ya programu.

Huku kwetu mtazamaji hajawahi kuwa mtu wa kukaa kimya. Muvi za ekshoni hatukuzipokea kimya. Tulizipokea zikiwa na mtu juu yake anasema. DJ Afro kwa Kenya, marehemu Lufufu kwa Tanzania, VJ Jingo na VJ Emmie kwa Uganda. DJ Afro anachukua muvi ya Kihindi ama ya Kichina na kuigeuza hadithi ya mtaani, anampa adui tabia ya landilodi, anamwonya stelingi aangalie nyuma. Wapo wanaosema huo ni uharibifu wa filamu. Mimi huona ni uhakiki unaofanyika papo hapo, na mara nyingi ni bora kuliko huu ninaouandika. Anajua ni ngumi gani inastahili kelele na ni ipi ipitwe haraka.

Na ukiendelea na hii barabara yetu, ukavuka Busia, ukafika Kampala, utafika Wakaliga, ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayosemwa haikufika dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu, damu na milipuko imeongezwa kwa kompyuta ya kuungaunga, na waigizaji ni majirani. Ukiniuliza ndugu wa karibu wa Double Action ni nani, nitakutajia hiyo kabla ya filamu yoyote ya Hollywood. Wote wawili walipenda kitu cha gharama kubwa na wakakijenga upya kwa mikono, bila ruhusa na bila mshahara. Tofauti ni kwamba Nabwana alijua filamu yake haijaisha mpaka VJ Emmie aongee juu yake. Emmie anapiga kelele, anasifu, anacheka makomando. Ukiondoa sauti yake unabaki na watu wakikimbia vichakani.

Hili nimeliona kwa macho. Huwa tunacheza kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la kutengeneza simu, laptopu nne na rauta isiyo na intaneti, sava tunaiweka wenyewe. Laagi hakuna. Wanaongoja zamu wanasimama nyuma ya viti. Kwa wiki za kwanza walikuwa wakiangalia simu zao. Halafu jioni moja dogo mmoja, wa kidato cha tatu hivi, akaanza kutangaza mchezo kwa sauti ya DJ Afro, Kiswahili na Kijaluo vimechanganywa, akawapa wachezaji majina na wake na madeni ya kuku. Ndani ya dakika kumi uchezaji ulibadilika. Jamaa ambaye siku zote hukaa kona na bunduki ndefu alitoka konani. Akateleza chini ya meza ya baa bila sababu yoyote ya kivita, dogo akamwimbia, akarudia kwa ngazi, akakosa, akafa vibaya, chumba kikalia machozi ya kicheko. Kwenye ubao wa alama alimaliza wa mwisho. Mashine haikumpa chochote kwa ile ngazi, manake hakuua mtu.

Sasa kuna swali ambalo siwezi kulipita nikiandika nikiwa Kisumu. Risasi hapa si kitu cha muvi. Tarehe 16 Januari 2008, kwenye maandamano ya baada ya uchaguzi, kamera ya KTN ilinasa polisi akimpiga risasi kijana asiye na silaha katika mji huu. Nilikuwa mtoto, lakini picha ile ilirudiwa kwenye taarifa za habari mpaka hata watoto tukaijua: kijana anawafanyia askari vituko vya uso, mwili wake unacheza, halafu risasi. Afisa aliyeshtakiwa aliachiliwa na Mahakama Kuu mwaka 2010. Huwa naikumbuka nikisikia mtu akisema gemu za bunduki ni burudani tu na hazina neno. Kijana yule alikuwa na nyadhi. Kwa lugha ya muvi, ule ulikuwa wakati wake wa kuruka kando. Ilikuwa sekunde mbili, hakuna slomo.

Kwa hiyo je, tuache? Mama mmoja anayeuza omena karibu na chumba chetu ameshatuuliza mara mbili kwa nini tunachezea vitu hivyo, na sioni kama swali lake ni la kishamba. Jibu langu, ambalo halijamridhisha, ni kwamba gemu ninayoiogopa ni ile nyingine. Counter-Strike inakupa sare. Huko lazima nusu ya chumba iwe askari na nusu iwe magaidi, na ukicheza upande wa askari kwa saa nyingi unajifunza kuangalia kila mlango kama unaoficha mtu wa kuuliwa. Inajisifu kwamba ni halisi, bunduki zake zina uzito wa bunduki za kweli. Double Action haina serikali ndani yake. Hakuna sare, hakuna mhalifu, hakuna anayetetea sheria. Kuna watu waliovaa vizuri wanaorukiana. Kifo chake ni cha ngoma, mtu anaanguka kwa madoido na kuinuka. Sijui mtoto yeyote anayeweza kukichanganya na kile cha 2008. Wale waliokifanya cha 2008 hawakujifunzia kwenye modi.

Lakini namwelewa mama yule anaposema mlio ni uleule. Siku hizi tunacheza sauti ikiwa chini. Dogo anatosha.

Kasoro ndogo ndogo zipo. Ramani kadhaa zimejaa korido ndefu zinazompendelea mwenye bunduki ya mbali, na gemu inayotaka watu waruke haifai kuwa na korido ndefu. Vyumba vya baa, jikoni na paa ndivyo vinavyoifaa. Silaha nazo ni chache, jambo ambalo mimi nalipenda, wengine hapa wanalilia. Na sava za hadharani ziko karibu tupu saa nyingi za Afrika Mashariki. Ukiingia usiku unaweza kukuta watu wanne, watatu wao wakiwa hawaongei. Usihukumu modi hii kwa usiku huo. Tafuta waya, tafuta laptopu mbili zenye nguvu kiasi, weka sava nyumbani kama sisi, na hakikisha chumba kina watu wengi kuliko kompyuta.

Ningekuwa na ujuzi wa kuandika kodi, ningeongeza kitu kimoja tu: ukidedi, ubaki nje angalau sekunde ishirini, na upewe kitufe cha kupiga makofi. Alama za staili zitoke kwenye kitufe hicho. Watu watapigiana makofi ya urafiki, najua. Kwenye pakruok pia wapo wanaoleta binamu zao waje washangilie, na kila mtu pale anawajua.

Dogo wa kidato cha tatu amefunga shule, yuko chumbani kila siku kuanzia saa nane. Wiki hii amempa yule jamaa wa kona jina jipya, na jamaa amenunua kofia.